Jiko dogo katika nyumba ya mbao: pata nafasi bila kununua kabati

Karibu kila wiki kuna dada au mama anayeniuliza swali lile lile: "Jikoni kwangu hakuna hata pa kuweka mguu, ninunue kabati gani?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimeona afadhali niandike yote mahali pamoja.

Usinunue kabati. Kwanza simama mlangoni mwa jiko lako uangalie chini. Utaona mabidoni (madumu) ya maji, gunia la makala (mkaa) na mbabula, yaani jiko la makala. Hivyo vitatu ndivyo vilivyokula jiko lako. Sahani na vikombe vimejibanza pembeni tu, na kabati ni la sahani na vikombe. Ukilileta, utakuwa umeongeza kitu cha nne sakafuni na tatizo lako liko pale pale. Kwa hiyo kazi yetu inaanza na maji na makala. Vyombo vitafuata.

Naandika kwa ajili ya nyumba kama zetu za Goma, mashariki mwa Kongo: ukuta wa mbao uliopigiliwa kwenye nguzo, bati juu, na chini mawe ya volkano yaliyofunikwa kwa simenti nyembamba au kwa udongo tu. Jiko langu hapa mtaa wa Mabanga lina mita 2 kwa mita 1 na nusu, na watu 7 wanakula kutoka humo. Nilimaliza kazi yote kwa dola 22, na zaidi ya nusu ilikwenda kwenye mbao.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mbao 3 ndefu zenye unene wa sentimita 2 na nusu. Kuukuu zinafaa, mradi hazijaliwa na wadudu. Kama ni za mikaratusi, chagua zilizokauka. Mbao mbichi hujipinda ndani ya mwezi mmoja, na rafu yako itageuka upinde.
- Boriti 2 nyembamba (mafundi wetu huziita shevroni) za kutengenezea miguu na mihimili.
- Misumari nusu kilo ya sentimita 8, na kiasi kidogo ya sentimita 5.
- Bati kuukuu lenye urefu wa mita 1 hivi.
- Waya wa kufungia, na mpira wa ndani wa tairi uliochakaa. Fundi wa pikipiki atakupa bure au kwa pesa kidogo.
- Ndoo zenye vifuniko, 3 au 4.
- Mawe bapa ya volkano. Haya hununui, yako nje ya mlango.
- Nyundo, msumeno na mita ya kupimia. Azima kwa fundi mbao jirani, usinunue kwa kazi ya siku mbili.

Kama wauza mbao wako mbali, kijana wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) atakuletea mzigo wote kwa safari moja. Patana bei kabla hajapakia.

Jambo moja kwa wapangaji: zungumza na mwenye nyumba kabla ya msumari wa kwanza. Wengine hawataki ukuta wao uguswe. Akikataa, usife moyo, nitaeleza namna ya kufanya bila ukuta.

Hatua ya 1: Toa kila kitu nje

Chagua siku ya jua. Toa vyote, hata kile kikopo kilichoko nyuma ya mlango. Ukiviona vyote uani ndipo utakapojua una nini. Mimi nilikuta miko 9, na tunatumia 2.

Tenga mafungu matatu: vya kila siku, vya mara moja kwa wiki, na vya sherehe. Sufuria kubwa ya harusi na misiba haina haki ya kulala jikoni mwaka mzima. Ipeleke chini ya kitanda, au kwa mama mkubwa mwenye nafasi, au muwe na moja ya ukoo mnayoazimana. Sahani zilizopasuka na vifuniko visivyo na sufuria zake visirudi ndani.

Kisha fagia, pima chumba urefu, upana na kimo, uandike. Pima pia bidoni lako moja. Kipimo hicho utakihitaji sasa hivi.

Hatua ya 2: Tafuta nguzo za ukuta

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ubao wa ukuta peke yake haubebi kitu. Ni mwembamba. Ukipigilia rafu juu yake, utapasuka au msumari utachomoka siku utakayojaza vyombo. Kinachobeba ni nguzo iliyo nyuma ya ubao.

Toka nje uangalie ukuta: vichwa vya misumari vimejipanga mstari kutoka juu hadi chini. Hapo pana nguzo. Ndani, gonga kwa ngumi. Penye nguzo sauti ni nzito, pasipo nguzo panalia kama ngoma. Weka alama kwa kipande cha makala, nguzo baada ya nguzo. Rafu na vyuma vyote vitashika kwenye alama hizo tu.

Onyo: kama ukuta wako ndio ukuta wa jirani, mwambie kabla ya kupiga nyundo. Msumari mrefu hutokea upande wa pili, na upande wa pili huenda ndipo kichwa cha mtoto kinapolala.

Kama ukuta ni wa mawe, au mwenye nyumba amekataa, tengeneza kichanja kinachosimama chenyewe: nguzo nne za boriti, mbao zilizopita katikati, na boriti moja ya mshazari mgongoni ili kisiyumbe. Faida yake ni kwamba siku ukihama, unahama nacho.

Hatua ya 3: Benchi la maji

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, fanya hiki. Familia nyingi hapa huweka mabidoni 4 hadi 8 ya lita 20, kwa sababu hatujui maji yatakuja lini. Lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mabidoni 6 yaliyojaa ni zaidi ya kilo 120. Uzito huo haupandi ukutani kamwe. Utabaki sakafuni, ila juu yake tutajenga mahali pa kufanyia kazi, ili sakafu ile ile itumike mara mbili.

Tengeneza benchi refu linalofuata ukuta mmoja. Kimo cha ndani kiwe urefu wa bidoni lako pamoja na vidole vinne, ili uweze kushika mkono wa bidoni na kulivuta. Upana utoshe bidoni moja likiingia kwa ubavu wake mwembamba. Juu weka mbao mbili sambamba. Mguu na mguu wasiachane zaidi ya sentimita 60.

Sakafu yetu si tambarare, kwa hiyo usikate miguu yote sawa kwa kuamini mita. Kata, simamisha benchi mahali pake, tazama mguu upi unaning'inia, kisha ingiza jiwe bapa chini yake. Likitulia, lifunge kwenye nguzo ya ukuta kwa waya ili lisitembee. Miguu isikae kwenye udongo mtupu. Kila mguu upate jiwe lake, la sivyo utaoza kutoka chini.

Chini ya benchi wanakaa mabidoni, juu unakatia mboga, unatwanga sombe (majani ya muhogo) ndogondogo, unaosha vyombo kwenye beseni. Mabidoni matupu yasirudi ndani: pitisha kamba kwenye mikono yake uyaning'inize chini ya paa, nje.

Maji ya kunywa yatengwe. Yaweke kwenye ndoo yenye kifuniko na robine (bomba la kufungulia), juu ya benchi, upande wa mbali na nyama mbichi na samaki. Mji wetu unaijua kipindupindu vizuri. Kikombe kinachoingizwa ndani ya ndoo na kila mkono ni moja ya njia zake, na robine inaifunga njia hiyo.

Hatua ya 4: Gunia la makala litoke

Gunia zima la makala ndani ya jiko la mita 3 za mraba ni mpangaji asiyelipa kodi. Liweke nje chini ya paa, juu ya mawe au mbao mbili ili lisinyonye unyevu, na ulifunike kwa shitingi (turubai la plastiki). Ndani ubaki na ndoo moja ya chuma yenye makala ya siku moja au mbili.

Najua jibu lako: "Wataiba." Kama kiwanja chenu kina wapangaji wengi na unaogopa, jenga sanduku jembamba la kusimama nyuma ya mlango, upana wa sentimita 35, lenye kifuniko juu na kitundu chini cha kuchotea. Gunia humiminwa humo likapanda juu badala ya kutanuka chini. Lakini sanduku hilo lisikae upande wa mbabula.

Hatua ya 5: Mbabula ipate makao yake

Mbabula inayohamahama inakula nafasi kubwa kuliko mwili wake, kwa kuwa kila inapokwenda lazima uondoe vitu vyote kando yake. Iweke karibu na mlango au dirisha, na humo ndani isihame tena.

Panga mawe bapa ya volkano chini yake, eneo pana kuliko mbabula kwa shubiri moja kila upande, ili kaa likianguka lianguke juu ya jiwe. Ukuta wa nyuma uuvishe lile bati kuukuu. Usiligandamize moja kwa moja kwenye mbao: bati likipata moto litaupitisha kwenye ubao, na ubao huanza kuungua taratibu bila wewe kuona. Weka nafasi ya sentimita 2 au 3 kati yake. Vizibo vya chuma vya chupa vilivyotobolewa, vitano vitano kwenye kila msumari, vinatosha. Acha bati wazi juu na chini ili hewa ipite. Hata hivyo mbabula ikae nusu mita kutoka ukutani.

Juu ya mbabula pasiwe na kitu. Hakuna rafu, kitambaa, mfuko wala vitunguu. Nimeona majiko mazuri kabisa yaliyopangwa na watu hodari, kumbe taulo la kufutia vyombo linaning'inia juu ya moto. Katika mitaa yetu ya mbao moto hauunguzi nyumba ya aliyekosea tu, unaruka ukuta kwa ukuta hadi mwisho wa barabara. Majivu pia: yasimwagwe kwenye ndoo ya plastiki wala pembeni mwa ukuta. Yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, yalale humo hadi yapoe kabisa.

Na tafadhali, jiko likishapata nafasi usivutiwe kufunga mlango na dirisha kwa sababu ya baridi. Wala usiipeleke mbabula chumbani ili watoto waote moto. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala nayo asiamke. Sisi tunaoishi na mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, hatuhitaji kushawishiwa kwamba hewa usiyoiona inaua.

Wenye umeme wanaopikia resho (jiko la umeme), hii ni rahisi kwenu: resho inaweza kukaa mwisho wa benchi, juu ya jiwe bapa, mbali na beseni la maji. Waya wake uende moja kwa moja kwenye soketi, usigawane na vitu vingine.

Hatua ya 6: Rafu mbili juu

Sasa ndipo vyombo vinapata zamu yao. Rafu ya kwanza iwe usawa wa macho yako, ya pili sentimita 40 juu yake. Kila moja ishikwe na mihimili ya pembetatu iliyopigiliwa kwenye nguzo ulizoziwekea alama. Upana wa sentimita 20 hadi 25 unatosha. Rafu pana itakugonga kichwa kila unapoinama kwenye benchi.

Mikaratusi hupasuka ukipiga msumari karibu na mwisho wa ubao. Mafundi wana dawa yake: geuza msumari, uguse ncha yake kwa nyundo mara mbili hadi iwe butu kidogo, ndipo uupige. Ncha kali hutanua nyuzi za mbao, ncha butu huzikata. Na usipige karibu na ukingo chini ya vidole viwili.

Halafu kuna jambo ambalo fundi hatakufanyia usipomwambia: ukingo. Pigilia kipande chembamba cha ubao mbele ya kila rafu, kikipanda juu sentimita 4 kama ukuta mdogo. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ilipolipuka, moto haukufika kwetu, lakini siku zilizofuata ardhi ilitikisika usiku na mchana. Tarehe 27 watu wa Mabanga tulikuwa miongoni mwa waliotakiwa kuondoka, tukaenda Sake, mji mdogo wa jirani. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama, bati zima, ila rafu zangu zote zilikuwa tupu na sakafu imejaa vipande. Hata sahani alizonipa mama siku ya ndoa. Ukingo wa sentimita 4 ungezizuia nyingi, na ni kazi ya nusu saa.

Kwa sababu hiyo hiyo, chupa za mafuta na vitu vya kioo vikae chini, sufuria nyepesi na plastiki juu.

Hatua ya 7: Ning'iniza

Kati ya rafu na benchi kuna ukuta mtupu. Pitisha fito moja ya boriti kutoka nguzo hadi nguzo, na upige misumari ya sentimita 8 ikiwa imeinama kidogo kuelekea juu. Sufuria zenye masikio, kikaango, kichujio na miko vitakaa hapo.

Vifuniko ndivyo vinavyosumbua. Kata ukanda wa mpira wa tairi, uupigilie mbali mbali kwenye ukuta ukiwa umevutika, na vifuniko vichomekwe nyuma yake kama barua.

Nyuma ya mlango shona mifuko kutoka gunia safi la unga: vijiko, viberiti, chumvi. Makopo ya maziwa yanafaa kwa visu na uma, lakini piga kingo zake kwa nyundo kwanza, zinakata watoto.

Hatua ya 8: Chakula kikavu

Unga wa muhogo, maharagi, mchele na sambaza kavu (samaki wadogo wa ziwani) viingie kwenye ndoo zenye vifuniko, ndoo juu ya ndoo, mwisho wa benchi. Ndoo tatu zilizopandana zinachukua sakafu ya ndoo moja. Unachotumia kila siku kiwe juu. Usimimine unga mpya juu ya wa zamani, maliza wa zamani kwanza.

Mambo yakikwama

*Rafu inainama katikati.* Nafasi kati ya mihimili ni kubwa mno. Ongeza mhimili mmoja katikati, na kama hapo hapana nguzo, simamisha boriti kutoka juu ya benchi hadi chini ya rafu.

*Rafu inatikisika ingawa misumari ni mingi.* Umepiga kwenye ubao, hukupata nguzo. Rudi hatua ya 2. Kuongeza misumari hakutasaidia.

*Ukungu na harufu wakati wa mvua.* Umejaza ukuta hadi hewa haipiti. Acha nafasi ya kidole kati ya rafu na ukuta, na chini ya bati la paa fungua mwanya wa kutolea moshi ukiwekewa wavu. Tazama pia kama bati linavuja: mara nyingi ni tundu la msumari tu.

*Masizi juu ya vyombo.* Mbabula iwashwe nje, irudi mahali pake ndani ikishakolea. Vyombo vilivyoko juu vifunikwe kwa kitenge kikuukuu, kila kimoja kilazwe kifudifudi.

*Panya.* Wanafuata chakula na giza. Angalia nyuma ya mabidoni kila Jumamosi, vuta yote, fagia. Ukikuta tundu kwenye mbao, ziba kwa kipande cha bati kilichopigiliwa. Tambara watalitafuna.

*Benchi limeanza kulegea.* Huwa ni maji ya kuoshea vyombo yanayodondokea kwenye maungio. Weka kipande cha shitingi chini ya beseni, kikiwa kimekunjwa kuelekea upande wa mlango, ili maji yateremkie nje.

*Umefanya yote na bado unabanana.* Hesabu mabidoni. Kama ni zaidi ya yanayoingia chini ya benchi, yale ya ziada yahamie nje kwenye pipa moja lenye kifuniko, liko chini ya mfereji wa paa, kwa ajili ya kufulia na kuoshea. Maji hayo yasipikiwe wala kunywewa, kwa maana bati letu linapokea majivu ya mlima. Kwangu hilo lilitoa mabidoni 3 ndani, na hapo nilipokuwa nikipita ubavu ubavu sasa nimeweka kigoda.